Usipande mchicha wote siku moja

Wewe unayeanza bustani msimu huu, tafadhali usimwage mbegu zote za mchicha siku moja. Mchicha huwa tayari kung'olewa baada ya wiki 3 hadi 4, na ukikomaa wote kwa pamoja utauza mafungu kwa bei ya hasara huku mwingine ukitoa maua shambani. Inauma sana. Gawa eneo lako matuta 4, panda tuta moja kila wiki. La mwisho likianza kuota, la kwanza linakaribia kuvunwa. Ukishang'oa, weka samadi iliyooza vizuri, panda tena. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kusia, zisirundikane mahali pamoja. Mama ntilie hupika mboga kila siku. Atamshika anayemletea bila kukatiza.