Mshumaa Kisimani: Namna ya Kuandika Riwaya ya Mapenzi ya Watu Wawili Waliotengwa, Kansas ya Miaka ya 1880

Mimi naandika simulizi za mapenzi za sehemu kwa sehemu, zile ambazo msomaji akimaliza sehemu ya saba saa tano usiku anakutumia ujumbe wa kukulaumu. Nyingi zinatokea Tanga na Muheza. Moja, kwa ukaidi tu, niliipeleka Kansas, Marekani, enzi za wachunga ng'ombe. Niliiandika mara tatu kabla haijasimama. Nitakuonyesha nilivyoijenga kwa kutumia hadithi yenyewe: Ruth, mjane wa mwizi wa farasi, na Amos, mchimba visima. Hao wawili nimewabuni. Ardhi, sheria na baridi sikubuni.

Hatua ya 1: Chagua wilaya na mwaka

"Magharibi" tuliyoizoea kwenye filamu ni vumbi, bastola na mlango wa baa unaopigapiga. Huwezi kuwaozesha watu hapo, kwa sababu hujui uko wapi. Swali la kwanza kwa hadithi ya namna hii ni kavu kama la karani: hawa wawili wangeruhusiwa kuoana hapa?

Nilimtaka Ruth awe Mzungu, na Amos awe Mweusi aliyezaliwa utumwani Kentucky. Nebraska ilipiga marufuku ndoa kama hiyo mwaka 1855, na marufuku hiyo haikuondoka mpaka 1963. Colorado nayo ilikataza mwaka 1864. Lakini Kansas ilifuta sheria yake mwaka 1859, hata kabla haijawa jimbo. Basi nikawaweka kaskazini-magharibi mwa Kansas, si mbali na mpaka wa Nebraska. Sheria inawaruhusu, watu hawawaruhusu. Ukivuka mpaka, hata sheria inawakana. Mpaka huo ulinipa sura mbili nzima bila kutafuta jambazi.

Upande huohuo kipo kijiji cha kweli, Nicodemus, kilichoanzishwa mwaka 1877 na Weusi waliohama kutoka Kentucky. Wa kwanza kufika waliishi ndani ya mashimo waliyoyachimba ardhini. Amos alikuja nao. Hadithi yangu inaanza 1881 na kuisha 1886.

Hatua ya 2: Andika orodha ya nani anamnyima nani nini

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Niliandika kwamba Ruth "alikuwa mpweke, akilia usiku kucha". Msomaji mmoja akaniuliza, kwa upole wa kuumiza: sasa huyu ametengwa au amefiwa?

Sisi kutengwa tunakujua. Anayetengwa kijijini hatangaziwi kwa ngoma. Anapiga hodi, ndani kuna watu, na karibu haisikiki. Anasalimia, anajibiwa nusu. Msibani kwake watu wanazika, wanakung'uta viatu na kuondoka bila kukaa. Ni hesabu ya vitu vidogo, na mwandishi anatakiwa kuijua hesabu hiyo kabla ya sentensi ya kwanza.

Ya Ruth ilikuwa hivi. Mwenye duka anakopesha kila mtu unga na mbegu mpaka mavuno. Yeye anadaiwa taslimu mkononi. Kanisani benchi lake lina nafasi tatu tupu kila upande. Fundi wa viatu vya farasi anamhudumia wa mwisho, hata akifika wa kwanza. Mumewe alinyongwa na watu wa mji bila kesi, na baadhi ya walioshika kamba ile ndio wanaompimia chumvi.

Amos alinitesa zaidi. Ukisema ametengwa kwa sababu ya rangi yake peke yake, umekosea, tena umeidharau Nicodemus nzima. Pale alikuwa na kanisa, utani, watu wa kula nao. Kwa hiyo nilihitaji sababu itakayomtoa kwa watu wake mwenyewe, na iwe sababu ambayo hata mtu mwenye roho nzuri angeishika. Nikampa kosa la kweli. Visima vinavyochimbwa kwa mkono vina hewa mbaya chini. Mchimbaji huteremsha mshumaa kwanza, na ukizimika hakuna anayeshuka. Asubuhi moja Amos alikuwa na homa, akamwachia kijana wa mzee wa kanisa ashuke badala yake. Hakuteremsha mshumaa. Kijana hakupanda tena.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kushika kamba ya Amos, na mchimba visima asiye na mtu wa kushika kamba hana kazi.

Hatua ya 3: Tafuta kazi ya watu wawili

Usiwakutanishe kwa macho. Macho ni rahisi mno, na katika mji mdogo kila mtu anamwona kila mtu. Wakutanishe kwa kazi ambayo mmoja haiwezi na wengine wamekataa kumsaidia. Ruth anahitaji maji. Amos anahitaji mikono juu ya shimo. Hivi ndivyo ilivyotoka:

Mshumaa ulishuka kwanza, umesimama ndani ya ndoo. Ruth alihesabu mafundo ya kamba: kumi, kumi na tano, ishirini. Moto haukutikisika. Amos akapandisha ndoo, akaukagua utambi, kisha akaiteremsha tena.

"Mbona mara mbili?"

"Ya kwanza ni ya leo."

Ya pili hakuitaja. Alitia mguu kwenye kitanzi, akatazama mikono ya yule mwanamke badala ya uso wake.

"Mara ya mwisho nani alishika kamba?" Ruth aliuliza.

"Mimi."

Ruth akatikisa kichwa polepole. Bila kuambiwa, akaizungusha kamba kwenye gogo raundi moja zaidi.

Raundi hiyo moja ndiyo mapenzi yote ya sura ya nne. Hakuna aliyegusana na mtu. Rasimu ya kwanza nilikuwa nimeongeza "moyo wake ulidunda". Nikafuta, maana anayeteremka futi 60 kwa kamba ya mtu asiyemjua, moyo wake utadunda tu.

Hatua ya 4: Sheria iwe ndiyo kikwazo

Simulizi zetu zinapenda kikwazo cha fitina: barua imeibwa, binamu amedanganya. Magharibi hapa ina kikwazo bora kuliko binamu, nacho ni sheria ya makazi ya mwaka 1862. Ilimpa mtu ekari 160, kama hekta 65, kwa ada ndogo tu, mradi aishi pale na kulima kwa miaka 5. Mjane aliweza kujiandikisha, na hata mwanamke asiyeolewa aliyefikisha miaka 21. Mke aliye na mume, kwa kawaida hakuweza.

Sasa tazama. Ruth na Amos wana viwanja jirani, wote wamejiandikisha 1881. Wakioana mapema, mume na mke wanahesabiwa kuwa na makao mamoja, na hawawezi kudai kwamba kila mmoja anaishi kwenye shamba lake. Kiwanja kimoja kinaweza kupotea. Kila wanapokaribiana, ekari 160 zinakaa katikati yao. Sijaona fitina yenye nguvu kama hiyo.

Kuna kona nyingine niliyoifurahia. Sheria ya mwaka 1872 iliwaruhusu askari waliopigania Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, kupunguza miaka yao ya jeshi kwenye ile mitano, ingawa kukaa angalau mwaka mmoja kulibaki lazima. Amos aliingia jeshini Camp Nelson, Kentucky, mwaka 1864, akatumikia miaka miwili. Kwa hiyo anapata hati yake 1884, Ruth anasubiri mpaka 1886. Hapo mji unapata la kusema: mjane wa mwizi anamnyemelea mwenye shamba.

Na yule mwenye pesa, maana hadithi ya mapenzi bila mwenye pesa haijakamilika? Yupo. Baada ya miezi sita ya kuishi pale, sheria ilimruhusu mtu kuinunua ardhi moja kwa moja kwa dola 1.25 kwa ekari. Ekari 160 ni dola 200. Mfuga ng'ombe mkubwa anakuja kwa Ruth na dola hizo kwenye mfuko wa ngozi: nunua, kisha uniuzie mimi, na uondoke mahali ambapo hawakutaki. Mpe heshima mtu huyu. Asiwe mwovu. Ofa yake ni nzuri, na Ruth anakaa nayo usiku mzima.

Hatua ya 5: Ingia ndani ya nyumba

Mbugani miti ni haba, kwa hiyo nyumba zilijengwa kwa mabunda ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi ya nyasi. Msomaji aliyewahi kulala kwenye tembe la Ugogo hahitaji maelezo marefu: mvua ikikatika nje, ndani inaendelea. Kuni hakuna, wanapikia mavi ya ng'ombe makavu. Chini ya dari walitandaza kitambaa cha pamba ili udongo, na pengine nyoka, wasianguke kwenye sufuria.

Na kitambaa hicho jina lake tunalo. Pamba nyeupe isiyopaushwa ya viwanda vya Massachusetts ilifika Unguja kwa meli kabla ya vita vyao vya 1861 hadi 1865, na watu wa pwani wakaiita merikani. Nilipoandika kwamba Ruth ametundika merikani darini, nyumba ile ya Kansas ilisogea karibu ghafla.

Dhoruba ya theluji ya Januari 1886 ilipiga Kansas kweli, na ng'ombe wengi walikufa. Itumie, lakini usiwafungie wapenzi ndani ya chumba kimoja. Kila mtu hufanya hivyo. Mimi nilimfungia Ruth na mzee wa kanisa, baba wa yule kijana aliyefia kisimani, aliyepotea njia akaona taa.

Hatua ya 6: Kiswahili kinavyokuponza, na kinavyokubeba

Usiandike "saluni". Niliandika mchunga ng'ombe ameingia saluni, nikaulizwa anasuka mtindo gani. Andika baa, au kilabu ikiwa pombe ni ya hovyo. "Sherifu" nayo inamkumbusha mtu wa pwani Sharifu mwenye kilemba. Nilimwita mkuu wa polisi wa wilaya, basi. Ranchi haina shida, Kongwa imetuzoesha.

Tatizo kubwa ni kwamba yeye ni yeye. "Alimtazama, akamshika mkono, akamwambia asiogope." Nani kamshika nani? Kwenye hadithi ya watu wawili sentensi kama hiyo ni ukungu mtupu. Dawa niliyoizoea ni kuchagua macho ya nani tunaangalia nayo na kutoyaacha mpaka sura iishe. Kutumia kazi ya mtu (mjane, mchimbaji) pale jina linapochosha. Na kukiacha kitu kitende, kama vile "kamba ikakaza".

Halafu kuna siku ukungu huo unakufaa. Busu lao la kwanza nimeliandika kwa neno moja: "Wakabusiana." Nani alianza? Wasomaji wamegombana juu ya hilo kwa miezi. Kiswahili hakikusema, na mimi sikusema.

Angalia pia wanavyoitana. Weupe wa mji wanamwita "Amos" kavu, wakati wao kwa wao ni Bwana Fulani. Ruth peke yake anasema "Bwana Amos", tangu siku ya kwanza, na mji unasikia. Amos anamwita "Bi Ruth". Sura ya tisa ukuta wa kisima unameguka, na kutoka chini inapanda sauti: "Ruth!" Bila Bi. Anayefuatilia ataruka kitini. Asiyefuatilia mwache, atafika tu.

Hatua ya 7: Mwisho uwe wa karatasi

Usimalizie kwa harusi wala kwa risasi. Ili Ruth apate hati, lazima watu waape mbele ya ofisi ya ardhi kwamba ameishi pale miaka yote mitano. Tena kuanzia 1879 ilibidi tangazo litolewe gazetini likiwa na majina ya mashahidi. Kwa kawaida yalichapishwa manne, na wawili ndio walioapa. Kwa aliyetengwa, hii ndiyo bunduki kubwa kuliko zote. Atawaandika nani?

Nilimkalisha Ruth mezani na penseli. Jina la kwanza, Amos. La pili, fundi wa viatu vya farasi, ambaye alikubali huku akiendelea kupiga nyundo, bila kumtazama. La tatu, na hapa niliumiza kichwa wiki nzima, yule mwenye dola 200, kwa sababu ni mtu wa ukweli na amemwona pale kila mwaka akimkatalia.

La nne liliachwa wazi mpaka siku ya mwisho. Jioni mzee wa kanisa alifika na nyumbu wake, akaomba maji. Amos ndiye aliyevuta ndoo. Mzee alikunywa, akaegemea ukingo wa kisima, akachungulia chini kwa muda.

"Hiki uliteremsha mshumaa?"

"Mara mbili."

Mzee akamnywesha nyumbu. Kisha akamgeukia Ruth, akamtajia jina lake lote, herufi kwa herufi, ili wale wa gazeti wasilikosee.