Bolti za mashua: soma kichwa kabla ya kulipa

Dukani mimi huanza na kichwa cha bolti. Kikiwa na A4, chukua: ni chuma cha pua cha daraja la 316, chenye molibdeni asilimia 2 hadi 3 inayozuia chumvi isikitoboe. A2, chuma cha pua kisicho na molibdeni hiyo, ibaki kwa milango ya bara. Pwani hushika madoa ya kutu mapema. Sumaku haikusaidii hapa, zote mbili hazinaswi sana.

Chini ya maji, ndani ya ubao uliolowa, nataka bronzi, kwa sababu hata 316 huliwa pale isipopata hewa. Shaba ya njano hapana kabisa! Chumvi huinyonya zinki, skrubu inageuka rangi ya waridi, kisha inavunjika kama biskuti.

Mwili wa alumini? Tenganisha bolti na alumini kwa washa za plastiki, metali hizo mbili zisigusane.