Namna ya kukagua yoti ya mbao iliyokarabatiwa kabla ya kuinunua Tanga

Mji wa Tanga una utani wake wa siku nyingi: "waja leo, waondoka leo". Mnunuzi anayefika kwa basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam, akaonyeshwa yoti ya mbao ikielea majini, akaisifu vanishi yake, akalipa malipo ya awali na kuwahi basi la jioni, huwa ameugeuza utani huo kuwa kweli, na anayelala kwa furaha usiku huo ni muuzaji peke yake. Chombo cha namna hii hakikaguliwi kwa siku moja. Kinahitaji bamvua moja, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, safari moja katika bahari yenye mawimbi, na usiku mmoja wa kutia nanga huku pampu zikiwa zimezimwa. Hayo yote Tanga yanapatikana kwa gharama ndogo, mradi mnunuzi akubali kukaa.

Yoti ninazozizungumzia ni boti za injini zenye kabini, za futi thelathini hadi sitini hivi, zilizoundwa miaka ya 1930 hadi 1960 na kitu katika viunda vya Ulaya, au Hong Kong, ambako kampuni ya American Marine iliunda boti zake za Grand Banks kwa mbao hadi mwaka 1973 ilipohamia faiba. Ni vyombo vizuri mno kwa macho, na uzuri huo ndio hatari ya kwanza.

Neno "imekarabatiwa" lina kazi tatu ndani yake

Muuzaji akisema boti imekarabatiwa, muulize kwa upole ni kazi gani hasa iliyofanyika, kwa sababu neno hilo hilo hutumika kwa boti iliyopigwa msasa na kupakwa rangi, kwa boti iliyobadilishwa mbao kumi, na kwa boti iliyovuliwa mbao zote ikaundwa upya kuanzia mkukuni, yaani kwenye ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote. Bei za kazi hizo tatu hazikaribiani hata kidogo. Omba picha zilizopigwa wakati kazi ikiendelea, hasa picha zinazoonyesha mataruma, yaani mbavu za chombo, yakiwa wazi kabla ya mbao kurudishwa, na stakabadhi za ununuzi wa mbao na skrubu. Mwenye boti aliyetumia fedha nyingi chini ya maji hupenda kuonyesha ushahidi wake, na asiyekuwa na picha hata moja ya ndani huwa, kwa uzoefu wangu, hakufika huko ndani.

Uliza pia mbao mpya zilitoka wapi. Msaji, au mtiki, unapandwa hapa hapa mkoani, katika shamba la miti la Longuza wilayani Muheza, na mbao yake ya kiini ni nzuri kwa chombo. Tatizo ni fundi aliyechanganya kiini na ile mbao nyeupe ya karibu na gome, ambayo haidumu majini hata kama mti ni msaji. Rangi ikishapakwa hutaiona tena kwa nje, kwa hiyo itafute kwa ndani, kwa tochi, ukiangalia mstari mweupe kwenye kingo za ubao.

Acha bahari ikuonyeshe tumbo la chombo

Kwingine duniani mnunuzi hulipa winchi kubwa ili chombo kinyanyuliwe kutoka majini. Hapa maji ya bamvua hupwa na kujaa kwa tofauti ya mita tatu na zaidi, nayo hufanya kazi hiyo bure. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa yapata saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kisha hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati mwanga ni wa kutosha kuona kila kovu.

Mwombe muuzaji chombo kiingizwe alfajiri, maji yakiwa yamejaa, mahali penye mchanga mgumu ndani ya ghuba, pasipo miamba wala tope. Magadi, yaani miti ya kukiegemeza chombo, yafungwe pande zote mbili maji yanapoanza kutoka, kwa sababu yoti yenye mkuku mrefu haina tumbo pana la jahazi na ikilala ubavu inaweza kuumia. Jambo moja lisisahaulike katika kuchagua siku: usikiingize chombo juu kabisa katika siku ya kilele cha bamvua. Maji ya siku zinazofuata hayatafika tena pale juu, chombo kitapwelewa, na mtakisubiri hapo hadi bamvua lijalo, yaani wiki mbili. Ingieni siku moja au mbili kabla, wakati kila maji yanayojaa yanayapita yaliyotangulia.

Mkikaa vizuri mtapata saa tano hivi za kazi. Anza kwa kusimama nyuma ya chombo, kisha mbele, ukiutazama mkuku kwa urefu wake wote. Nyosha uzi kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Mkuku ulioinuka katikati huku ncha zikishuka ni wa chombo kilichochoka mgongo, na kasoro hiyo hairekebishwi kwa lami wala rangi. Baada ya hapo chukua nyundo ndogo ya mbao na upige kila ubao polepole, shibri kwa shibri. Mbao nzima hulia, mbao iliyooza hujibu kwa sauti nzito kama ya gunia. Usikimbilie kuchoma kwa bisibisi, kwa kuwa chombo bado si chako. Weka alama ya chaki kila penye sauti mbaya, kisha ukubaliane na mwenyewe ni sehemu gani zichomwe.

Mdudu wa baharini atoboaye mbao anahitaji jicho kali zaidi. Kwa hakika si mdudu wala mnyoo, bali ni wa jamii ya chaza. Huingia kwa tundu dogo kama kichwa cha pini, kisha huchimba njia yake kwa kufuata nyuzi za mbao akiipaka njia hiyo chokaa nyeupe, hata ubao unaoonekana mzima kwa nje ukawa ndani kama sega la nyuki. Mabaharia wa majahazi walimdhibiti kwa kukipitishia chombo moto wa makuti maji yakiwa yamekupwa, kisha wakapaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Yoti yenye tabaka za rangi ya kiwandani haipitishiwi moto, kwa hiyo ulinzi wake wote ni rangi ya kuzuia viumbe wa baharini. Penye mkwaruzo uliofika kwenye mbao ndipo pa kutafuta tundu. Kagua zaidi upande wa chini kabisa wa mkuku, ambao fundi mvivu huuruka kwa kuwa ndio uliokuwa umekalia magogo.

Ukikuta tumbo lote limefunikwa faiba, simama hapo ujiulize kwa nini. Faiba iliyopakwa juu ya mbao nzee huficha maungio yaliyochoka, na maji yakishapenya kwa nyuma hayana pa kutokea, mbao ikaozea ndani ya koti lake. Mimi sinunui boti kama hiyo kwa bei yoyote, ingawa nawajua waliothubutu na wakasalimika kwa miaka kadhaa.

Zimebaki skrubu, na hapa nasema kwa machungu. Miaka kadhaa iliyopita mimi na shemeji yangu tulinunua boti ya futi thelathini na nne, rangi mpya nyeupe na kabini iliyong'aa, bila kuvua skrubu hata moja. Baada ya msimu wa kwanza wa kusi, upepo wa kutoka kusini, ilianza kuvuja kando ya mkuku. Mzee mmoja fundi wa vyombo alivua skrubu moja mbele yetu, akaiweka kiganjani: ilikuwa ya shaba ya manjano, lakini rangi yake ilikuwa imegeuka ya waridi, na alipoibana kwa koleo ilikatika kama chaki. "Wanangu," alisema, "rangi haishiki mbao." Maji ya chumvi huila zinki iliyomo katika shaba ya manjano na kuacha gamba lisilo na nguvu, ndiyo maana boti nzuri hufungwa kwa bronzi. Ombeni zivuliwe skrubu tatu au nne: karibu na mkuku, karibu na shafti inayozungusha pangaboi, na kwenye maungio ya omo. Muuzaji akikataa katakata, hilo nalo ni jibu.

Maji ya mvua ni mabaya kuliko ya bahari

Wanunuzi wengi huogopa maji ya chini, kumbe ubao huoza zaidi kwa maji ya mvua. Kuvu linalooza mbao hupenda maji matamu na hewa iliyotuama, na chumvi hulizuia. Masika ya Tanga, yanayoanza Machi na kupamba moto Aprili na Mei, ndiyo mtihani wa sitaha. Boti inayouzwa kiangazi ikaguliwe kana kwamba mvua ilinyesha jana. Mwaga ndoo kadhaa za maji sitahani, pembeni mwa madirisha na kwenye pembe za kabini, halafu shuka ndani ukae kimya na tochi. Fungua kila kabati. Nusa. Harufu ya uyoga ndani ya kabati lililopakwa rangi mpya ina maana moja tu. Gusa ncha za juu za mataruma, mahali yanapokutana na boriti za sitaha, kwa kuwa maji yanayopenya juu huishia hapo.

Injini, kisha bahari

Injini haihitaji maneno mengi. Fika bila kutoa taarifa ya saa kamili na uweke mkono juu ya injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, kuna mtu aliyetangulia kuificha tabia yake ya asubuhi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, moshi mweusi unaoendelea ni mafuta yasiyoungua vizuri au injini kuelemewa, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Injini kongwe za dizeli kama Gardner, zilizotengenezwa Patricroft karibu na Manchester, huzunguka polepole na huishi miaka mingi sana zikitunzwa, lakini vipuri vyake havipo madukani hapa na huagizwa. Injini ya petroli ndani ya yoti ya mbao nisingeikubali: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani, chini kabisa ya chombo ndani, na kungoja cheche.

Safari ya majaribio isiishie ndani ya ghuba. Maji ya ndani ni tulivu na hayamfichui mtu. Piteni Kisiwa cha Toten, tokeni nje hadi mawimbi ya mkondo wa Pemba yanapoanza kukishika chombo, ikiwezekana alasiri ya msimu wa kusi, na mwende huko kwa saa mbili kamili injini ikiwa kwenye mwendo wake wa kazi. Mwachie nahodha usukani, wewe shuka chini. Weka kiganja kwenye ubao palipo na ungio la taruma na usikilize chombo kinapopanda na kushuka wimbi. Mlio wa kawaida wa mbao upo, ila ukiona ungio linafunguka na kufumba kama mdomo, mataruma yamelegea. Tazama panapotokea shafti. Matone machache kwa dakika wakati shafti inazunguka ni sawa katika boti za zamani, ila maji yanayotiririka si sawa.

Mkirudi, tieni nanga, toeni maji yote ya ngama, zimeni pampu za umeme, na mmoja wenu alale ndani. Asubuhi pimeni kwa ndoo kilichoingia. Chombo kilichokaa nchi kavu kwa miezi kitavuja siku za mwanzo hadi mbao zinywe maji na kuvimba, na hilo lisikutishe, ila ujazo upungue kila siku. Usipopungua, ama kalafati, yaani pamba iliyoziba maungio ya mbao, imechoka, ama fundi alijaza nyufa kwa gundi ngumu wakati mbao zimekauka, na sasa mbao zinavimba na kuzisukuma skrubu zake zenyewe.

Karatasi na malipo

Boti ya Tanzania Bara ioneshe usajili na cheti cha ukaguzi kutoka TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na iliyosajiliwa Zanzibar iwe na za Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya huko. Iliyoingia kutoka nje iwe na ushahidi wa TRA, mamlaka ya mapato, kwamba ushuru umelipwa, si kwamba iliingia kwa muda tu, kwa sababu deni hilo hukifuata chombo. Yenye usajili wa zamani wa Uingereza ina mambo mawili ya kuangalia. Umiliki wake hugawanywa katika hisa 64, kwa hiyo hakikisha waliotia saini hati ya mauzo wanazimiliki zote. Tena namba yake rasmi huchongwa kwenye boriti kuu, na ukiilinganisha na cheti utajua kama chombo unachouziwa ndicho kilichoandikwa. Boriti ikiwa mpya na haina namba, uliza ile ya zamani ilikwenda wapi.

Kasoro ulizoweka alama ya chaki ziandikwe kwenye mkataba, pamoja na gharama ambayo fundi wako, siyo wa muuzaji, ameikadiria, na hapo ndipo bei izungumzwe upya. Kasha la vipuri la injini kongwe mara nyingi hubaki stoo kwa muuzaji likasahauliwa. Liorodheshwe kipande kwa kipande, na lipakiwe botini kabla fedha ya mwisho haijatoka mkononi mwako.