Kutunza mitambo ya kujengea vifurushi vya pkgsrc

Mtu anayesakinisha programu kwa amri moja ya pkgin haoni kazi iliyotangulia. Kabla kifurushi hakijamfikia, kuna mashine mahali fulani iliyoshusha msimbo chanzo, ikautia viraka, ikaujenga, ikaukagua, kisha ikakifunga kifurushi na kukipandisha kwenye seva. Katika pkgsrc, mradi wa kujenga vifurushi ulioanza mwaka 1997 ndani ya mfumo endeshi wa NetBSD kwa kuchukua msingi wa Ports, mfumo wa vifurushi wa FreeBSD, kazi hiyo hufanyika kwa zaidi ya vifurushi 20,000 na kwa mifumo endeshi mingi, ikiwemo NetBSD yenyewe, Linux, macOS na SmartOS. Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa mashine hizo, au anayetaka kuwa na yake. Ukishika kanuni moja tu kati ya yote yatakayofuata, ishike hii: kila kifurushi kijengwe mahali pasipo na kitu chochote isipokuwa kile ambacho kifurushi chenyewe kimetaja kuwa kinakihitaji.

Sababu ya kanuni hiyo ni tabia ya programu nyingi kujitafutia. Hati ya configure, ile inayoiandaa programu kwa ujenzi, hupita kwenye mashine ikiuliza maktaba hii ipo, ile ipo, na kila inayoikuta huitumia bila kumwambia mtu. Mwanzoni nilikuwa najengea kwenye kompyuta ileile niliyoitumia kwa kazi zangu za kila siku. Vifurushi vyote vilijengeka bila kosa hata moja, nami nikaridhika, hadi mtumiaji wa kwanza aliponiandikia kwamba programu ya kutazama picha haifunguki kwake kwa sababu inadai maktaba ya WebP. Maktaba hiyo ilikuwepo kwangu, kifurushi hakikuitaja popote, na mfumo haukuwa na njia ya kujua kwamba mtumiaji naye anaihitaji.

pkgsrc ina kinga yake ya kwanza dhidi ya jambo hili. Mfumo wa buildlink huzikusanya ndani ya folda ya kazi ya kifurushi zile maktaba zilizotajwa tu, na cwrappers husimama mbele ya kompaila na kuchuja njia zozote zinazoelekea kwingine. Hata hivyo kinga hiyo haizibi kila tundu, kwa kuwa hati ya ujenzi inaweza kuita programu nyingine moja kwa moja. Kwa hiyo jengea ndani ya chroot, yaani folda iliyotengwa ambayo programu zilizomo huiona kama mfumo mzima, iliyotengenezwa kwa ajili ya ujenzi peke yake. Kifurushi cha pkgtools/mksandbox hukuandalia hati za kuisimamisha na kuibomoa, na ni vizuri uibomoe na kuisimamisha upya kila mzunguko unapoanza, usiiache ikikusanya mabaki ya miezi.

Ndani ya chroot hiyo ndimo pbulk inamokaa. Zana hii ya kujenga vifurushi vingi kwa pamoja iliandikwa na Joerg Sonnenberger mwaka 2007 chini ya mpango wa Google Summer of Code, na husakinishwa kwa hati ya mk/pbulk/pbulk.sh iliyomo ndani ya pkgsrc yenyewe. Kwa kawaida hukaa kwenye /usr/pbulk, mbali na /usr/pkg, na utengano huo una maana kubwa: kabla ya kujenga kila kifurushi, pbulk hufuta vyote vilivyomo kwenye /usr/pkg na kuanza upya, ili kifurushi kinachofuata kisirithi chochote kutoka kwa kilichotangulia. Ukiiendesha nje ya chroot, kwenye mashine ambayo /usr/pkg ina programu zako, itazifuta zote. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hakuna swali la pili litakaloulizwa kabla ya kufuta.

Mipangilio yake imo kwenye /usr/pbulk/etc/pbulk.conf. Humo unataja mahali pa kuweka logi, mahali pa vifurushi vilivyokamilika, anwani ya kupandishia, na mtumiaji asiye na mamlaka ambaye ndiye atakayeendesha ujenzi, kwa maana ujenzi usifanywe na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Kabla hujathubutu kujenga hazina yote, weka orodha fupi ya vifurushi vichache kwenye kipengele cha limited_list na uone kama mzunguko mzima unakamilika kuanzia ukaguzi wa awali, ujenzi, hadi upandishaji. Ukaguzi wa awali peke yake, ambamo pbulk huuliza kila folda inatoa vifurushi gani na vinategemea nini, unaweza kuchukua saa nyingi kwenye mashine dhaifu, na si vyema ugundue baada ya saa hizo zote kwamba ufunguo wa ssh wa kupandishia haukuwekwa.

Mzunguko ukiisha utapata ripoti. Mgeni wa kazi hii hushtuka akiona maelfu ya vifurushi vilivyoshindikana, lakini hesabu hiyo peke yake haisemi mengi. pbulk hutenganisha kifurushi kilichoshindikana chenyewe na kile ambacho hakikujaribiwa kabisa kwa sababu kitu kinachokitegemeza kimeanguka. Perl ikianguka, au Python, au gettext, hazina karibu yote huanguka nayo ingawa kosa ni moja. Tafuta kwanza sehemu ya ripoti inayopanga vifurushi kwa idadi ya vingine vilivyoangushwa navyo, anza na cha juu kabisa, kisha shuka. Kila kifurushi kilichoshindikana kina folda yake ya logi, na humo kila hatua ina faili lake: ukiona la mwisho ni configure.log, usihangaike na kompaila, kwa kuwa hatukufika huko.

Hebu tuangalie kosa moja kwa karibu, kwa sababu ni dogo na linafundisha mengi. Ndani ya hati ya configure kuna mstari huu:

if test "$enable_nls" == "yes"; then

Kwenye mfumo ambao /bin/sh, yaani shell inayosoma hati, ni bash, mstari huu hufanya kazi kama mwandishi alivyokusudia. Kwenye Debian, ambako /bin/sh ni dash, amri ya test haiijui alama ya == na hutoa lalamiko la "unexpected operator". Ubaya ni kwamba lalamiko hilo haliusimamishi ujenzi. Shell huchukulia tu kwamba sharti halikutimia, hupita upande wa pili, na kifurushi hujengwa hadi mwisho bila tafsiri za lugha. Mtumiaji atasakinisha, ataona Kiingereza kitupu, na hatajua kwamba tafsiri zilikuwepo ila ziliachwa njiani. Ndiyo maana pkgsrc ina ukaguzi uitwao check-portability ambao huupekua msimbo kabla ya hatua ya configure na kuusimamisha ujenzi ukikuta alama hiyo. Baadhi ya watunzaji huuzima ili namba za ripoti zipendeze. Usiuzime. Badili == kuwa =, tengeneza kiraka kwa mkpatches kutoka pkgtools/pkgdiff, endesha make mps ili alama ya uhakiki ya kiraka (namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) iingie kwenye faili la distinfo, kisha ujenge kifurushi hicho peke yake kwa bulkbuild-rebuild. Halafu wapelekee waandishi wa programu marekebisho hayohayo kwenye configure.ac, ambamo ndimo kosa lilimozaliwa, la sivyo utakibeba kiraka hicho kila toleo jipya likitoka.

Si kila kosa liko kwenye kifurushi. Vifurushi kadhaa visivyohusiana vikianguka ndani ya dakika chache, tazama diski kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Wengi wetu huweka folda ya kazi kwenye tmpfs, mfumo wa faili unaokaa ndani ya kumbukumbu, ili kuongeza kasi, na inasaidia sana, lakini Rust, LLVM na LibreOffice hula gigabaiti nyingi kila kimoja, na viwili vikikutana kwa wakati mmoja kumbukumbu huisha. Ikiwa mashine kadhaa zinashirikiana faili kupitia mtandao kwa NFS, saa zake lazima ziende pamoja, kwa sababu make huamua cha kujenga kwa kulinganisha nyakati za faili.

macOS inahitaji uangalifu wa pekee. Mfumo wake wa faili kwa kawaida hautofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo faili mbili ambazo kwenye Linux ni tofauti huweza kufutana. Kwenye mashine za Apple Silicon kila programu lazima iwe na saini, na ukiibadilisha baada ya kusainiwa, saini huharibika na mfumo huiua programu pale tu inapoanza. Jengea pia kwenye toleo la zamani kuliko yote unayoahidi kuyahudumia, kwa kuwa kifurushi kilichojengwa kwenye toleo jipya huenda kisifunguke kwenye la zamani. NetBSD inarahisisha hili, maana kernel yake mpya, yaani kiini cha mfumo, huweza kuendesha chroot ya toleo la nyuma.

Alama za uhakiki zisipolingana na faili lililoshushwa, kuna kishawishi cha kuendesha make mdi, kuandika alama mpya na kuendelea na kazi. Kifanye kishawishi hicho kuwa mwiko. Lifungue faili la zamani na jipya, yalinganishe yaliyomo, na ukiona tofauti usizozielewa, waulize waandishi. Mwezi Machi 2024 mwandishi wa programu Andres Freund aligundua kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yalikuwa na mlango wa siri, na sehemu ya hila hiyo ilikuwa kwenye faili la kutolea toleo ambalo halikufanana na msimbo uliokuwa kwenye hazina ya mradi. Alama ya uhakiki isingelinasa hilo, kwa kuwa inathibitisha tu kwamba umepata faili lilelile alilopata mwenzako. Jicho la mtu bado linahitajika.

Kupandisha ni hatua fupi, lakini mpangilio wake una athari. pkgin husoma faharasa ya pkg_summary, na ikiwa faharasa inataja kifurushi ambacho bado hakijafika kwenye seva, mtumiaji atapata kosa katikati ya usakinishaji. Pandisha kila kitu kwenye folda mpya, hakikisha kimekamilika, kisha ugeuze kiungo cha mfumo wa faili kielekee huko kwa mara moja. Vile ambavyo leseni yake inakataza kusambazwa pbulk huviacha yenyewe, mradi NO_BIN_ON_FTP imeandikwa kwenye Makefile. Kila robo mwaka pkgsrc hutoa tawi thabiti, kwa mfano 2024Q4, na tawi hilo hupokea zaidi marekebisho ya usalama na ya ujenzi. Baada ya kila marekebisho jenga upya na pandisha, na folda ya robo iliyopita iache kwenye seva hadi robo inayofuata itoke, kwa ajili ya wale ambao bado hawajahama.