Kabla ya chuo, anza na kaunta buku
Mdogo wangu, ukitaka kuwa mtaalamu wa wanyamapori, usisubiri chuo. Mimi nilianza Kondoa nikiwa kidato cha pili, na kaunta buku ya kwaya 2: tarehe, saa, mahali, nyayo, kinyesi. Kinyesi cha fisi kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Umeshajua mlo wake bila kumwona! Andika palepale, si jioni, maana kumbukumbu hudanganya.

Shuleni shika baiolojia, kemia na jiografia. Hisabati usiikimbie, kukadiria idadi ya tembo ni takwimu. Kisha omba SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, au Mweka, chuo kilichoanzishwa 1963 mitelemkoni mwa Kilimanjaro.

Likizo, omba kujitolea Pori la Akiba Swagaswaga. Tembea na askari wa wanyamapori, uwaulize kila kitu. Kusoma nyayo nilifundishwa na watu kama hao.