Pima gari na tela vikiwa vimeunganishwa

Ukitoka Dodoma na tela nyuma, iwe unaelekea Kolo kwenye michoro ya mapangoni ya Kondoa au unashukia Mtera kwenda Iringa na Ruaha, unapoomba nafasi ya kulala kambini usimtajie mwenye kambi urefu ulioandikwa kwenye karatasi za tela. Huenda huo ni wa bodi tu. Funga tela kwenye gari, chukua tepu, pima kuanzia bampa ya mbele mpaka ncha ya mwisho nyuma. Mkono wa kuvutia, tairi la akiba na kibebea baiskeli vyote vinahesabiwa.

Kisha uliza: kikomo chenu cha urefu ni cha tela peke yake, au tela na gari? Naruhusiwa kulitenganisha tela na kuegesha gari pembeni? Jibu linaweza kukupunguzia mita 5 nzima. Wakikujibu kwa futi, zidisha kwa 0.3, futi 30 ni kama mita 9.

Kinachosahaulika zaidi ni njia ya kuingilia. Kiwanja cha kuegesha kinaweza kutosha, lakini kona ya kukifikia imebanwa na mbuyu, na mbuyu haukupishi. Tela hukata kona kwa ndani. Gari refu lenye malazi, lile lenye mkia mrefu nyuma ya ekseli, mkia wake hufagia upande wa nje. Omba picha ya ile kona, siyo ya kiwanja (hiyo watakutumia tu, bila hata kuombwa). Na ufike jua lingalipo, ushuke utembee kwanza.