Kioo ya zamani haioshwake na maji mingi

Wandugu wa Bukavu, kama kwenu kuko kioo ya zamani yenye ilipakwa feza kwa mukono, tafazali musiimwangie maji, juu maji inateremuka kwa kando, inaingia nyuma na ile feza inageuka nyeusi. Lowesha kitambaa kidogo tu, kamua sana, pangusa, kisha pitisha kingine kikavu. Huku kwetu ukuta inashika unyevu, kwa hiyo bandika vipande vya bushoni (kizibo ya chupa) nyuma ya kadre hewa ipite. Madoa ya zamani uache, ndiyo uzuri wake. Kioo zenye zilitengenezwa mbele ya 1835, mbele Liebig, mutaalamu wa kemia wa Ujerumani, avumbue kupaka feza, nyingi nyuma ziko na bati na zebaki, usikwangue hata kidogo, zebaki ni sumu.